Pombe Niliyoikataa

Mbwa ndiye anayekuambia. Nilipoanza kutembea peke yangu kutafuta nta sikulijua hilo, nikawa nauliza watu, "Wapi hapa panapikwa vizuri?" na kila mtu alinielekeza kwa ndugu yake. Nimekula ugali wenye mchanga kwa ndugu za watu tangu Mpwapwa hadi Kondoa. Baadaye niliacha kuuliza. Nikifika mahali nilisimama kando kwanza, nikatazama mbwa. Mbwa wa nyumba yenye njaa hukufuata hadi mwisho wa njia akinusa visigino vyako. Mbwa wa nyumba inayokula vizuri hafungui hata jicho.

Alama nyingine nilizipata kisimani. Wanawake wakichota maji niliwasikiliza, maana yule ambaye wenzake humwomba kimea ndiye fundi wa pombe, hata kama mwenyewe hasemi neno. Nilitazama pia vizingiti. Penye kizingiti kilicholainishwa na makalio ya watu, ingia.

Shule niliiacha mapema. Wamisheni walinifundisha kusoma na kuandika, kisha wakataka kunifundisha kukaa, na hapo ndipo tuliposhindwana. Nikapata kazi kwa Mhindi mmoja wa Mpwapwa aliyenunua nta. Yeye alikaa dukani, mimi nikatangulia njiani na mzigo mdogo wa chumvi na vitambaa, nikapatana na warina asali, na wapagazi wakaja nyuma yangu kuchukua. Watu walinihurumia kwa kutembea peke yangu. Hawakujua kwamba mtu anayetembea peke yake hukaribishwa kwenye chungu, na msafara hukaribishwa kwenye kivuli.

Kwa hiyo nilikuwa na nyumba zangu. Kule Busi palikuwa na Mwislamu mmoja mwenye shamba mlimani, aliyemchinjia kila mgeni kuku na kumpika kwa karanga zilizosagwa mpaka mchuzi unasimama. Kibakwe nilijua mama wa maharage, ambaye hakuyaepua kabla ya jua kufika utosini, hata ulie. Na Dodoma, karibu na stesheni ya reli, palikuwa na Mgiriki aliyeuza vinywaji kwa Wazungu. Mbele sikuruhusiwa kukaa. Lakini mpishi wake, mtu wa pwani, alipenda asali ya nyuki wadogo, nami nilimletea, na kwa mlango wa nyuma alinipa mabaki ya mvinyo yaliyobaki chupani.

"Mimi dini imenikataza," aliniambia mara ya kwanza. "Lakini nimeimimina miaka yote hii bila kuijua. Niambie, ikoje?"

"Kama ukwaju uliosahauliwa kwenye sufuria ya chuma."

"Sasa ndicho wanachokilipia?"

"Ngoja. Baada ya kumeza inarudi, na ikirudi inakuwa nzuri."

"Hiyo basi ni tabia ya deni," alisema, akacheka hadi akashika meza. Tangu siku hiyo kila nilipopita alinipa kidogo na kuniuliza imerudije.

Lakini nyumba iliyokuwa juu ya zote haikuwa ya Mgiriki. Ilikuwa tembe la udongo la mama mmoja mjane wa Kigogo, kwenye njia ya kutoka Dodoma kwenda upande wa Kongwa, pale ambapo nyika inaanza kupandisha. Pombe yake ya uwele haikuwa na mfano. Haikuwa chungu wala tamu. Ilikuwa na harufu ya mvua inayopiga vumbi. Nilidhani siri iko kwenye chungu, au kwenye asali aliyotia mwishoni, nikamsumbua kwa maswali safari tatu au nne. Mwishowe alinichukua shambani wakati wa mavuno. Kabla ya mtu yeyote kukata suke hata moja, yeye alitangulia peke yake na kamba za gome kiunoni. Aliligusa suke, akalinusa, akaliacha. Aligusa jingine, akalifunga kamba. Yaliyofungwa ndiyo mbegu. Mama yake alifanya hivyo, na mama wa mama yake. Pombe ile ilianzia pale, kwa wanawake waliokwisha kufa.

Mbegu ile aliiweka ndani ya lindo, pipa la gome la mti, lililofunikwa na kuzibwa kwa samadi ya ng'ombe, akalitundika darini juu ya meko ili moshi uwafukuze wadudu dumuzi.

Jambo jingine la mama yule: hakukupa kata ya pombe bila kuionja kwanza mbele yako. Watu wengi wa kule hufanya hivyo, kumtoa mgeni wasiwasi wa sumu. Yeye alionja kwa utulivu, akafumba macho, na alipoyafumbua ulijua kwamba unaweza kunywa na kulala.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita ya Wadachi na Waingereza. Nilifika Dodoma katikati ya kiangazi, nikaenda mlango wa nyuma. Mpishi hakucheka. Alichukua kikombe, akakijaza mvinyo hadi ukingoni.

"Leo vipi?" nikamwuliza. "Bwana amekufa?"

"Meli haziji. Hii ndiyo chupa ya mwisho, na bwana amesema afadhali inywewe na yeyote kuliko kuwangoja askari. Kunywa."

Nilikunywa. Safari hii hakuniuliza imerudije. Alinifungia mkate ndani ya kitambaa, akaniuliza naelekea wapi.

"Mashariki. Kwa mama yangu wa pombe."

"Kula unapokwenda," alisema. "Usitegemee kula unaporudi."

Nilidhani ni maneno ya mtu aliyekosa usingizi. Lakini nilipotoka mjini niliona mbwa. Walikuja watatu, kisha watano, wakanifuata mbali kuliko mbwa wanavyofuata. Hawakubweka. Nilipoketi kula mkate walikaa mbele yangu kwa safu kama watu walioitwa shaurini. Nilipoondoka wakaondoka. Walirudi nyuma pale tu walipofika kwenye vichaka ambavyo hawakuvijua.

Siku iliyofuata niliona moshi. Kila mpishi anajua moshi wa pombe: uko chini, mzito, haukatiki kutwa. Pombe ya nafaka hupikwa baada ya mavuno, watu wakiwa na kitu. Katikati ya kiangazi, ghala zimeshuka na mvua bado iko mbali, mama wa nyumba hupima unga kwa kiganja na hakuna anayethubutu kutaja kimea. Na sasa moshi ule ulikuwa kila upande. Kila tembe nililoliona kwa mbali lilikuwa na moshi wake. Halafu upepo ukaniletea harufu ya nyama. Nilifurahi kama mtoto, nasema kweli. Niliharakisha hatua. Nilikuwa nimekwenda kitambo ndipo furaha ikaanza kunikaa vibaya, kama chakula ulichokula ukisimama. Nilijiuliza, je, ni harusi? Harusi haiwezi kuwa kila nyumba. Ni matanga? Sikusikia kilio. Nilisikia ngoma mahali, na waliokuwa wakipiga walipiga ovyo, bila mchezaji.

Kwa mama yule uani palijaa majirani. Mbwa wake alikuwa amelala kivulini, tumbo limetuna, na mbele yake palikuwa na mfupa wenye nyama ambao hakuwa na haja nao. Nimewahi kuona mbwa aliyeshiba. Sijawahi kuona mbwa aliyeacha nyama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja siku yake." Alinitazama kwa muda. "Au wewe ndiye uliyeiita."

Alinikalisha. Nilikula siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na vizuri kuliko siku yoyote. Ulikuwepo mlenda uliopikwa na siagi, nyama ya mbavu, maini yaliyobanikwa juu ya makaa na chumvi ya mbugani, ugali wa uwele wenye joto uliotoa moshi ulipovunjwa. Kisha pombe. Aliionja, akafumba macho, akanipa. Ilikuwa ile ile. Watu walikula bila kuzungumza sana, kama wanaofanya kazi ya kupewa.

Aliyezungumza alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye sasa ndiye mwanamume wa nyumba ile. Alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha wake siku hiyo ulikuwa na makali.

"Kula, mwenye ulimi! Unaona aibu? Kwa nini, ng'ombe ni wako?"

"Mnachinja hivi kwa sababu gani, bwana?"

"Tunawasaidia Wadachi. Tunawapunguzia mzigo."

Majirani walicheka kidogo. Ndipo mzee mmoja akanieleza. Askari walikuwa wanakuja na watu wa akida, wakichukua chakula cha vita. Watu wa upande wa pili wa mbuga walishachukuliwa ng'ombe, nafaka, hata mbegu. Hata mbegu, alirudia. Walitoboa dari kwa visu vya bunduki mpaka uwele ukamwagika kama mvua. Kwa hiyo watu wa hapa walikaa wakashauriana, wakaona kitakachokuwa tumboni hakitachukuliwa.

"Na baadaye?" niliuliza.

"Baadaye gani?" alisema shemeji. "Wewe umeiona wapi?"

Alisimama, akaingia ndani, akatoka na lindo. Alilishika kwa mikono miwili. Watu waliacha kutafuna. Lile gome lilikuwa jeusi kwa moshi wa miaka, na samadi iliyoziba kifuniko ilikuwa bado nzima, ikionyesha alama za vidole vya mama yule.

"Hii nayo," alisema. "Tuiloweke leo, imee, tupike. Wakija wakute chungu kimelala chali."

Mama aligeuka kutoka chunguni. Alikuwa ameshika upawa, akaushika hivyo hivyo.

Kuna desturi ya ukoo ule ambayo sijaiona kwingine. Lindo la mbegu mtu wa nyumbani hulifungua kwa kupanda tu. Likihitajika kufunguliwa ili liliwe, njaa ikiwa imezidi kabisa, hufunguliwa na mgeni aliyekula nyumbani humo. Wazee waliokufa hawamjui mgeni, hawana wa kumlaumu, na mgeni akiondoka anaondoka na laana yake. Hii nilielezwa pale pale, na shemeji, huku akiliweka lindo miguuni pangu.

"Umekula?" aliniuliza.

"Nimekula."

"Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Basi wewe ndiye. Tia kidole tu hapo, samadi ni kavu, itavunjika. Siku zote unamwuliza shemeji yangu pombe hii inatoka wapi. Leo umefika kwenye chemchemi, mwenye ulimi. Pombe ya mbegu tupu! Hata baba yangu hakuionja. Hutaki?"

Nilitaka. Sitaficha. Mate yalinijaa kinywani. Uwele uliochaguliwa suke kwa suke, miaka kwa miaka, wote ndani ya chungu kimoja: hakuna Mgiriki wala mfalme aliyewahi kuwekewa kitu kama hicho. Nilimtazama mama. Alikuwa akitazama vidole vyangu, si uso wangu.

Watu wakiniuliza kwa nini nilifanya nilichofanya, wanatarajia niseme nilimhurumia. Labda. Ninachokumbuka ni kwamba nilifikiri juu ya safari ijayo. Niliona nafika pale mwaka mwingine, na moshi hakuna, na mtu wa kuonja kata mbele yangu hakuna, na mimi natembea nyikani nikiwa mtu pekee aliyewahi kuinywa pombe ile, bila hata mwenzangu wa kubishana naye ilikuwaje.

Nilichukua kata yangu. Ilikuwa bado na pombe. Niliimwaga chini, nikaifudikiza kata, mdomo chini, mbele ya magoti yangu. Mgeni akifudikiza kata halazimishwi tena, si kula, si kunywa, si kugusa chombo cha nyumba. Hilo wote walilijua kabla sijazaliwa.

"Aaa!" alipiga kelele shemeji. "Mgeni gani huyu! Anamwaga pombe ya watu!"

"Nimeshiba, bwana."

"Umeshiba au umeogopa? Mwanamume mzima anaogopa gome!"

"Naogopa," nilisema. "Ninatembea peke yangu. Laana ya nyumba nzima nitaibeba na nani?"

Mzee mmoja alicheka kweli, kwa mara ya kwanza siku ile, na kicheko kile kikawapa wengine ruhusa ya kurudi kwenye nyama. Shemeji aliutikisa mkono wake mbele ya uso wangu kama anayefukuza nzi. Lindo likabaki chini. Baadaye nilipogeuka halikuwepo, na mama naye hakuwepo.

Alfajiri niliamshwa na jembe. Ardhi ya kiangazi ya kule ni ngumu, ukiipiga inalia kama chungu. Nilitoka nikamkuta mama shambani, amekwisha kwenda nusu, anachimba vishimo, anatia mbegu, anafukia kwa mguu. Watu wa kule huwahi kupanda kabla ya mvua, lakini huwahi kwa siku chache, wakishaona mawingu. Yeye aliwahi kwa miezi kadhaa. Mbingu ilikuwa tupu. Lindo lilikuwa kando yake, samadi imevunjwa kwa mkono wake mwenyewe, kwa kupanda, kama desturi inavyoruhusu.

Shemeji alisimama ukingoni, amejifunga shuka, anamfokea.

"Umerukwa na akili, mama! Mchwa watakula! Kanga watafukua! Ukiwapa ndege, si afadhali ungetupa sisi?"

"Nenda kalale," alisema bila kuinua kichwa.

"Na askari?"

"Waje wachukue udongo."

Nilimuaga. Alinyoosha mgongo, akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda, kama mtu anayekariri sura. Hakunipa kitu cha njiani. Hakikuwepo.

Askari nilikutana nao kabla ya adhuhuri. Walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, na nyuma yao wapagazi waliofungwa pamoja, na nyuma ya wapagazi kundi la ng'ombe wa watu mbalimbali, wakilia kwa sauti mbalimbali. Mkubwa wao, ombasha mwenye kovu kidevuni, alinisimamisha, akapekua mzigo wangu, akaona chumvi na vitambaa, akachukua chumvi.

"Wewe ni yule wa nta," alisema. "Nimesikia habari zako Mpwapwa. Wanasema hakuna mtu anayejua kama wewe wapi kuna chakula kizuri."

Nilipenda sifa ile siku zote. Siku ile ilinishuka mgongoni kama maji baridi.

"Haya basi, bwana mkubwa wa kula. Tuambie. Huko ulikotoka kuna nini?"

"Kulikuwa na kila kitu," nilisema. "Jana. Wamekula chote. Mtakuta mifupa."

"Na mbegu?"

"Mimi nilipewa nyama na pombe, bwana. Dari sikupanda."

Alinitazama miguuni, kisha tumboni. Nadhani tumbo ndilo lililonisemea. Lilikuwa limejaa bado. Alicheka, akanipiga kitako cha bunduki begani, si kwa nguvu sana, wakapita. Nilisimama kando ya njia hadi ng'ombe wa mwisho alipopita. Wote walikwenda upande ule ule.

Sikurudi mpaka mvua ilipokwisha anza. Mhindi alikuwa amefunga duka, nta hakuna aliyeitaka, mimi nikaenda tu kwa sababu miguu imezoea. Kwa Mgiriki mlango wa nyuma ulipigiwa misumari. Njiani nilitazama mbwa kama desturi yangu, nikatazama asubuhi, nikatazama jioni. Sikuona hata mmoja.

Mama nilimkuta ameketi kizingitini. Alikuwa amekonda hadi mikono imekuwa mirefu. Hatukuulizana habari, ziko wapi nzuri? Alinisimulia mwenyewe, kwa ufupi. Shemeji alichukuliwa kuwa mpagazi, akaondoka akifanya mzaha na kamba shingoni. Askari walitoboa dari, wakavunja vyungu kwa hasira ya kuvikuta vitupu. Lindo walilikuta tupu pia, na ombasha akalichukua kuwekea tumbaku yake. Ng'ombe waliwalaza shambani kwake, kwa kuwa palikuwa wazi.

"Juu ya mbegu?" niliuliza.

"Juu yake. Nilikaa hapa nikawaangalia wanavyokanyaga. Ombasha akaniuliza natazama nini. Nikamwambia ng'ombe wazuri."

Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kata. Ilikuwa na maji tu. Aliyaonja kwanza, akafumba macho kama zamani, akanipa. Nilikunywa yote.

Kisha alinipeleka shambani. Uwele ulikuwa umeota. Haukuota kila mahali. Mchwa walikula upande mmoja, na pale ng'ombe walipojikusanya sana udongo ulikuwa umeshindiliwa, haukutoa kitu. Lakini katikati, penye samadi ya ng'ombe wale, ulikuwa umesimama hadi magotini. Majani yalikuwa yamejikunja kwa ndani kama yanavyofanya yakificha maji yake.

"Mvua ilikuja mara ya mwisho lini?"

"Ilikuja ikaona, ikaondoka."

Tulitazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe, bila wingu, na jua lilikuwa halina haraka yoyote. Kutoka kwenye makazi ya majirani hapakutoka moshi, si wa pombe, si wa ugali. Aliniuliza kama nitapita tena wakati wa mavuno. Nikamwambia nitapita nikisikia harufu, na kwa maneno yale nilimwona akitabasamu kidogo.

Aliingia kati ya mistari, akainama, akagusa shina moja, akaliacha, akagusa jingine. Hapakuwa na masuke bado, hapakuwa na cha kuchagua. Lakini kiunoni alikuwa amekwisha chomeka kamba za gome, mpya, zimechanwa sawasawa, tayari kwa kufungia.